Mguu Mmoja Kwenye Ngazi

Tarehe 4 Machi

Binti yangu, Bosi wa Mashuka,

Kaa kwanza. Najua barua zangu unazisoma umesimama kando ya mashine ya kukamulia mashuka ya hospitali, mvuke unalainisha karatasi mpaka wino unatembea, halafu unanijibu kwamba mwandiko wangu mbaya. Mwandiko ni uleule wa darasa la nne. Niliacha shule kabla shule haijaniacha. Na simu uliyoninunulia ipo, imelala kabatini ndani ya glasi, nzima kabisa. Kilichoharibika ni sikio. La kushoto limestaafu, la kulia linaaga wenzake. Ukipiga nasikia nyuki ndani ya kopo. Tuendelee na karatasi.

Mimi mzima. Meno yaliyobaki yanatosha kwa kazi iliyobaki. Kuku wa Mama Vifungo anakuja kunya barazani kwangu kila asubuhi, na jinsi anavyonitazama naona ameshaamua kwamba mgeni hapa ni mimi.

Sasa habari. Jumanne nimekaa barazani, wakaja vijana wawili na ngazi ya alumini. Mmoja kavaa ovaroli ya buluu, mwingine miwani ya jua. Ovaroli akanisalimia vizuri, kwa heshima, siyo hizi salamu zenu za kurusha kama jiwe. Akasema, "Mzee, tulikuwa tunapita tu. Tumeona misumari ya paa lako imeinuka. Mvua ikija utaogelea." Wamemaliza kazi mtaa wa pili, dawa ya kupaka mabati imebaki madebe mawili, wakirudi nayo itaganda. Basi wangenipakia leo leo kwa bei ya kutupa.

Nikataka kuwafukuza. Walahi nilishashika fimbo. Ovaroli akageuka akaupapasa ukuta wangu, akafumba jicho moja, akasema, "Huu ukuta kajenga nani? Haujapinda hata unywele." Nikamwambia ni mimi, na mtaa mzima wananiita Timazi, ile kamba ya waashi ya kupimia ukuta, kwa sababu hiyo. Basi yule kijana akavua kofia! Tangu hapo sikuwa Mzee tena, nilikuwa Mwalimu. Mwalimu hivi, Mwalimu vile. Miaka kumi na mmoja, tangu niache kufundisha vijana uashi, sijaitwa hivyo.

Wamepaka. Paa jeusi linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Usiku mwema.

Baba yako,
Timazi

*

Tarehe 8 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimekaa, kama ulivyoagiza, juu ya kapu la mashuka ya wodi ya watoto.

Barua yako imeninyima raha. Hao vijana karakana yao iko wapi? Wanaitwa nani? Hiyo kazi ya mtaa wa pili ilikuwa kwa nani, na ulikwenda kuuliza? Wamekuandikia chochote? Kuna mwenzangu hapa, ndiye anayepiga pasi, shangazi yake walimjia watu hivyohivyo. Walikuwa wanapita tu. Walikuwa na mabaki ya kazi nyingine. Ilikuwa lazima iwe leo leo. Walimtengenezea mfereji wa paa uliokuwa mzima, na sasa maji yote yanaingia chumbani.

Najua utacheka. Lakini paa ulilikagua mwenyewe? Ulipanda?

Tulikubaliana mimi na wewe, Baba, sitarudia sana. Utakaa peke yako kwa muda wote utakaoweza kuiangalia hiyo nyumba. Ukishindwa, unakuja kwangu. Chumba chako bado kipo, ghorofa ya tatu, dirisha linaona mpaka kwenye vilima. Nakifagia kila Ijumaa. Miaka mitatu unanipa sababu. Mara maji ya huku yana chumvi, mara majirani zangu wana kelele, wewe ambaye husikii. Hata kuja kunitembelea siku mbili hutaki. Wakati mwingine nakaa kwenye kitanda nilichokutandikia humo nikijiuliza nilikukosea nini.

Basi. Nijibu kuhusu paa.

Binti yako

*

Tarehe 13 Machi

Bosi,

Loo, umeniuliza maswali kama mpelelezi. Umesahau kuuliza rangi ya soksi zao.

Nilipanda. Kama umesahau, hilo paa nililipigilia mwenyewe wewe ukiwa tumboni, mama yako akanipigia kelele nishuke asije akazaa akiwa mjane. Nimepanda nimeona, kazi safi, misumari imekaa, kofia ya paa imekaa. Kuna kingine?

Wale vijana wazuri bwana. Wamekwenda na kwa Mama Vifungo. Yeye aliuliza kwanza, unajua alivyo, hawezi kununua sindano bila kuitazama tundu. Nikamwambia mafundi ni wa kuaminika. Sasa wanambadilishia mabati ya kile chumba cha cherehani. Wameyavua, wameyapakia kwenye gari, wanakwenda kumletea mapya mazito. Kesho au keshokutwa.

Hukunikosea kitu. Huko kwenu hewa nyepesi tu.

Baba yako

*

Tarehe 19 Machi

Shemeji Timazi,

Nakupitishia karatasi hii chini ya mlango kwa sababu nimebisha mara tatu. Pazia linacheza, kwa hiyo upo. Kama unaumwa sema, nikuletee uji.

Wale wanafunzi wako hawajarudi. Leo siku ya sita. Niliweka turubai lakini mvua ya jana ililijaza maji katikati, likapasuka, yote yakaingia. Zile sare za shule nilizoahidi kwa Jumatatu, mashati meupe yote yamelowa, yametoka madoa ya kutu ya cherehani. Nimehamishia cherehani chumbani, nalala nayo kama mume.

Silaumu. Mafundi wanachelewa, ndiyo kazi yao. Nataka tu unielekeze karakana yao nikawakumbushe. Wewe ndiye unayewajua.

Mimi jirani yako,
Mama Vifungo

N.B. Ukuta wako wa upande wangu umetoka michirizi myeusi. Ni kitu gani?

*

Tarehe 20 Machi

Shemeji,

Mgongo. Umenishika kama deni. Siwezi kusimama mlangoni, daktari akiniona atanilaza. Uji usilete.

Vijana nimewapelekea ujumbe. Wamekwama kwenye kiwanda cha mabati. Watakuja.

Michirizi ni vumbi.

Timazi

*

Tarehe 25 Machi

Baba,

Mama Vifungo ameniandikia. Ana wasiwasi kwamba unaumwa sana, maana hufungui mlango na huchukui maziwa. Barua yake yote ilikuwa ya huruma. Kaniomba nikuulize kwa upole wale wanafunzi wako wanapatikana wapi, kwa sababu chumba cha cherehani hakina paa na kazi ya sare amenyang'anywa, kapewa mtu mwingine.

Wanafunzi wako, Baba? Ulimwambia hivyo? Au wao walimwambia na wewe ukanyamaza?

Na ameniandikia neno moja nililolipigia mstari. Anasema hana shaka nao kwa sababu ulimhakikishia kwamba umepanda ukaona kwa macho yako.

Nataka kukuambia kitu ambacho nimekifunika miaka miwili. Ulipokuja kwenye msiba wa shangazi, ukalala hukohuko msibani, nilikuja kukupokea stendi mapema kuliko tulivyosema. Nilikuona. Ulikaa kwenye kiti mpaka basi zima likashuka. Halafu ukashuka kinyumenyume, umeshika vyuma kwa mikono miwili, ngazi tatu tu, na mpiga debe akakupa bega. Nilijificha nyuma ya kibanda cha soda mpaka ukajifuta jasho na kuvaa kofia yako vizuri. Kisha nikatokea nikisema nimechelewa. Tangu siku hiyo nimejiambia ni uchovu wa safari tu.

Wewe hukupanda kwenye hilo paa.

Niandikie ukweli. Mzaha weka pembeni, hata kwa ukurasa mmoja.

Binti yako

*

Tarehe 28 Machi

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Mara tatu niliweka mzaha mwanzoni, nikachana. Hii ya nne naandika jikoni, nimefunga dirisha, maana hata kuku wa Mama Vifungo sitaki anione.

Sikupanda.

Wacha nikuambie kila kitu kama kilivyokuwa, usije ukakipamba kwa ajili yangu. Walipomaliza kupaka, Ovaroli aliegemeza ngazi ukutani akasema, "Mwalimu, panda ujionee kazi ya wanafunzi wako." Akaishika ngazi kwa adabu. Sasa hebu nione nilivyosimama pale. Miaka minne magoti haya hayajapanda kitu kirefu kuliko kizingiti. Ningesema tu, "Kijana, siwezi." Maneno mawili. Hata mtoto anayaweza. Badala yake nikaweka mguu mmoja kwenye kipago cha kwanza. Mmoja tu, mwingine nikauacha chini. Nikatazama juu nimekunja uso kama mkaguzi. Nikagonga ngazi kwa kidole, ko ko, ngazi yao siyo bati langu! Nikasema, "Safi." Na wao wakasema, "Asante, Mwalimu."

Mwanangu, pua yangu iliwaambia. Ile siyo dawa ya mabati. Nimekaa na lami na rangi maisha yangu yote. Ile ilinuka karakana ya magari. Ni oili chafu ya injini wamekoroga na masizi. Pua ilijua tangu debe lilipofunguliwa. Lakini nilikuwa naitwa Mwalimu, na mtu anayeitwa Mwalimu hafungui mdomo kuuliza, "Hiki nini?" Nikaona nitaonekana mshamba. Mvua ya kwanza yote ikashuka ukutani. Ukuta wangu sasa unalia machozi ya pundamilia.

Hiyo ni yangu mwenyewe, ningeimeza. Ningekuandikia paa linadai rangi, ukacheka, basi.

Ila Mama Vifungo alikuwa dirishani kwake siku ile. Wiki iliyofuata, walipohamia kwake, alitoka, kidole kimoja bado kina kofia ya sindano, akaniuliza mbele yao, "Shemeji, umeona mwenyewe kazi yao?" Nikasema, "Nimeona kwa macho yangu." Ovaroli akadakia hapohapo, "Sisi wanafunzi wake, mama." Nami nikacheka. Sikukataa. Ilinipendeza. Ilinipendeza, unaelewa? Mwanamke huyu aliosha maiti ya mama yako. Mwanamke anayeweka kando vipande vya nguo ili anishonee viraka bila kuniambia. Akaniamini, akawafungulia geti, wakavua mabati yake mazima kabisa, mabati ambayo niliyachagua mimi dukani enzi hizo, wakaondoka nayo. Hawakuhitaji kupasua mlango. Ufunguo nilikuwa mimi.

Halafu nikamdanganya tena kwa maandishi. Nimemwandikia mgongo unaniuma. Nimemwandikia wamekwama kiwandani. Kiwanda gani? Sijui hata wanaitwa nani. Jana nilikwenda kituo cha polisi kwa njia ya nyuma, kama mwizi anayekwenda kujisalimisha. Sajini akauliza majina yao. Nikasema Ovaroli na Miwani. Akauliza, "Wao walikuita nani?" Nikasema Mwalimu. Akaandika, akanitazama, akafuta. Akasema ni wa tatu mimi kuja wiki hii, na wote watatu hatukuuliza jina.

Nimeshaandika. Sasa unajua baba yako ni mtu wa namna gani. Lile shati nililovaa siku ile nimelikunja nikaliweka chini ya godoro, sitaki kuliona.

Najua utataka kuja Jumamosi. Usije. Niache kidogo.

Baba

*

Tarehe 31 Machi

Baba,

Nimeisoma kwenye chumba cha kukaushia, mlango nimefunga. Nimelia, na siyo kwa sababu ya paa.

Lakini umemwungamia mtu asiyehusika. Mimi sikulowa. Anayekudai ukurasa huo yuko hatua thelathini kutoka kwako, na bado anadhani unaumwa mgongo. Naomba usinitumie mimi kama njia ya kumkwepa yeye.

Jumamosi nakuja. Hilo halina mjadala. Niambie nilete nini.

Binti yako

*

Tarehe 3 Aprili

Shemeji Mama Vifungo,

Naandika kwa sababu nikija kusema kwa mdomo nitaweka utani katikati, na wewe utacheka kwa wema wako, na mimi nitarudi nyumbani nimesamehewa bila kusema. Kwa hiyo soma.

Mgongo wangu mzima. Sina ugonjwa wowote isipokuwa huu nitakaoutaja.

Wale siyo wanafunzi wangu. Sijapata kuwaona kabla ya ile Jumanne. Sijui wanakotoka. Hakuna ujumbe niliowapelekea, hakuna kiwanda. Hawatarudi, wala mabati yako hayatarudi. Ile michirizi ni oili chafu, mimi pia wamenitapeli, na nililijua hilo tangu walipofungua debe, kabla hujanibishia mlango. Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika pumzi. Mtu wa umri wangu, nimejibanza kama mtoto aliyevunja chungu.

Na lililo baya kuliko yote ni hili. Uliponiuliza kama nimeona mwenyewe, sikuwa nimeona kitu. Sikupanda, shemeji. Siwezi kupanda. Niliona haya kusema mbele ya watoto wawili nisiowajua, na kwa sababu ya haya hiyo nikakutoa wewe kafara.

Sitaki uniambie si kitu.

Mabati ya sebule yangu ni mazima chini ya ule uchafu. Ni ya saizi moja na yako, nilinunua siku moja na yako. Nataka yavuliwe yaje kwako. Mimi chumba kimoja kinanitosha, na sebule tangu mama wa mtoto wangu aondoke ni mahali pa kupitia tu. Binti yangu anakuja Jumamosi. Yeye ana magoti.

Ukitaka nisikukanyagie tena uani, nitaelewa. Mabati yatakuja hata hivyo.

Timazi

*

Tarehe 3 Aprili, jioni

Timazi,

Shemeji nimeiweka kando leo. Ikifika Jumamosi tutaona.

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kuja kukutukana kupitia dirishani. Nimekaa kwanza nikakunjua shati moja la madoa nikaanza kulifumua vifungo, vifungo bado vizuri, na mkono ukifanya kazi hasira inatulia.

Sasa wewe nawe sikiliza. Siku ile nilikuwa dirishani tangu mwanzo. Niliona mguu mmoja kwenye ngazi na mmoja chini. Niliona ulivyogonga kile chuma. Magoti yako nayajua tangu mazishi ya mkeo, ulipokaa chini ukashindwa kuinuka, watu wakadhani ni majonzi, mimi nikakuvuta kwa kwapa. Nilijua hujapanda.

Unadhani nilikuuliza mbele yao kwa nini? Nilikupa mlango wa kutokea. Ungesema tu, "Sijaona," nami ningewaambia wangoje mpaka fundi mwingine apande. Ukasema umeona kwa macho yako. Basi nikabaki nimesimama. Niseme, "Mzee Timazi anasema uongo"? Mbele ya watoto wa watu? Niliona haya kwa niaba yako. Nikafungua geti huku najua. Kazi ya sare imekwenda, na sehemu ya sababu ni ulimi wangu uliolala.

Kwa hiyo aibu hii tugawane. Lakini fungu lako ni kubwa, na langu usininyang'anye ukajipa lote ukadhani umenisaidia. Kila mtu abebe chake.

Mabati nitayapokea. Sitasema asante, ni yangu sasa. Jumamosi uje mchana, upite mlango wa mbele, siyo kule nyuma kwa kuku.

Na kuna jambo lingine, hili siyo ombi. Leo asubuhi mke wa kinyozi kaniuliza wale mafundi wa Mzee Timazi wanapatikana wapi, anataka wamwangalie paa. Mafundi wa Mzee Timazi! Ndivyo wanavyoitwa mtaani. Wanaweza kuwa wanabisha mlango wa mtu saa hii kwa jina lako. Kwa hiyo utakwenda kwa kinyozi mwenyewe, kukiwa na watu, utasema. Kwa mdomo. Karatasi ya kupitisha chini ya mlango wa kila mtu haitoshi.

Mama Vifungo

*

Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Sitakusimulia ya Jumamosi, ulikuwepo na viganja vilivyochubuka ni vyako. Sabuni ya hospitali kweli ina hasira, sikutegemea yale mabati yatatakata namna ile. Mama Vifungo anasema hajawahi kuona mtu akisugua bati kama anatoa doa kwenye shuka la mgonjwa. Niliona fahari, halafu nikakumbuka kilichotufikisha pale, nikatazama chini.

Nitakuambia ambayo hukuyaona.

La kwanza ni la kwa kinyozi. Nilikwenda Ijumaa, siku moja kabla hujafika, saa watu wamejaa. Nikakaa kitini, akanipaka povu, nikaona nusu uso umefunikwa, hapo ndipo pazuri pa kusemea. Nikasema, "Jamani, wale mafundi wa paa siyo wangu. Walinidanganya, na mimi nikawadanganya nyinyi kwamba kazi yao nimeiona." Wakacheka! Walidhani ni moja ya zile zangu. Mmoja akasema, "Huyu mzee hana dogo." Hayo ndiyo malipo ya kuwa mtu wa utani maisha yako yote, mwanangu, siku ukisema kweli watu wanangoja mwisho wa kichekesho. Ikabidi nilifute lile povu kwa mkono, niwageukie, niseme tena. Sikupanda. Siwezi kupanda. Akija mtu mlangoni anasema alikuwa anapita tu, na kwamba mimi namjua, mfungieni, hata akiwa ameniweka begani.

Hapo hawakucheka. Kinyozi alibaki na wembe juu. Halafu fundi baiskeli, yule mwenye mdomo mchafu kuliko wangu, akasema taratibu kwamba na yeye walimpakia paa wiki iliyopita, hakumwambia hata mkewe. Akatazama viatu vyake. Nikashuka kitini nikakaa naye, tukawa wawili kwenye benchi moja, tunatazama viatu. Mke wa kinyozi naye akatoka nyuma ya pazia. Kumbe walikuwa wamempa ahadi ya kesho yake. Walikuja, nasikia, na ngazi yao. Akawapokea kwa ndoo ya maji ya kunyolea. Hawajaonekana tena upande huu. Sijisifu, ni maji yake.

La pili. Ulipokuwa juu ya chumba cha cherehani, umelaza bati la mwisho, uliniuliza, "Baba, mstari umenyooka?" Nikachelewa kujibu, ukauliza tena kwa sauti, ukadhani ni sikio. Halikuwa sikio. Nilisikia vizuri mara ya kwanza. Mama Vifungo alikuwa ananitazama, na wale majirani watatu kwenye uzio, na neno "safi" lilishafika kwenye meno. Limezoea njia. Nilikuwa napigana nalo. Ndiyo nikasema, "Sioni kutoka hapa. Tazama wewe." Ukatazama, ukasema limepinda kidogo, ukang'oa msumari ukalirudisha. Kwako lilikuwa neno la kazi tu. Mimi nilishika ngazi kwa mikono miwili.

Jioni, ulipokwisha kuondoka, Mama Vifungo alipita na bakuli la uji, akaliweka kizingitini. Akiwa anaondoka akasema, "Usiku mwema, shemeji." Nimeandika hivyo alivyosema. Sijaongeza.

Sasa kuhusu mkataba wetu. Sebule yangu haina paa, ukuta wangu una michirizi, na fundi wa nyumba hii amekiri mbele ya kinyozi. Nimeshindwa kuiangalia. Hukulisema ulipokuwa hapa, na najua ulikuwa na haki ya kulisema. Mvua zikikatika nitakuja. Mama Vifungo atakitumia kile chumba kilichobaki kuwekea vitambaa, na kuku atapata baraza yote, ameshinda.

Ila lazima nikuambie jambo la hicho chumba unachokifagia kila Ijumaa. Maji yenu hayana chumvi. Majirani zako sijapata kuwasikia. Hewa ni hewa tu. Kila nilipokuandikia sijisikii kuja, nilikuwa nimekaa naihesabu ghorofa kwa vidole. Ya tatu. Nikajiona nimesimama kule chini na mzigo wangu, wewe umeshafika juu unaniita, na watu wanapita. Nikaona heri udhani sikupendi sana kuliko ujue hilo. Miaka mitatu nimekuacha ukae kwenye kile kitanda ukijiuliza ulinikosea nini. Mabati ya jirani nimeyalipa. Hili sijui nililipe kwa bati gani.

Hukunikosea kitu, mwanangu, tangu siku ya kwanza.

Kama kipo, nitafutie chumba cha chini. Hata kama dirisha linaona ukuta tu. Magoti yangu hayapandi tena.

Baba yako